Mlolongo wa Ughaibuni

Des Moines, Iowa
Februari 2020

Kwa Ami mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote wa Mombasa, nakuarifu kwamba sisi tu wazima wa afya, ila baridi ya huku haina adabu. Usiku wa tarehe 3 niliruhusiwa kuketi na watazamaji katika ukumbi wa skuli, ambamo wafuasi wa chama cha Democratic wa mtaa wetu walikutana saa moja kuteua mgombea urais. Na kwa kuwa hujasahau mlolongo wa KANU wa mwaka 1988, wapiga kura wa Kenya walipohesabiwa kwa foleni hadharani, naona ni wajibu wangu kukueleza kwamba Wamarekani hawa, pamoja na ilimu yao yote, nao huhesabiwa vichwa hadharani, kila kundi pembeni mwake, hata mume akamwona mkewe kambi ya hasimu.

Sharia yao ni kwamba kundi lisilofikia asilimia 15 ya waliohudhuria huwa halifai kitu, na watu wake wana ruhusa ya kuhamia jingine. Bibi mmoja mkongwe, ambaye mgombea wake alipungukiwa na watu wawili, alizungukwa na wajumbe wa kambi tatu kama washenga waliokuja kumposa binti wa kadhi, huyu akimsifia bima ya matibabu, yule akimsogezea sahani ya biskuti. Naye akazila zote kwa utulivu, akashukuru, akavaa koti lake, akaenda zake kulala.

Wala usidhani kazi huishia hapo: vichwa hugeuzwa wajumbe, na wajumbe hupepetwa katika mkutano wa kaunti, kisha wa wilaya, kisha wa jimbo, hata wapatikane 41 wa kwenda mkutano mkuu wa taifa kwa hesabu ya usiku ule, na panapotokea sare, hurushwa sarafu. Kisha programu ya simu iliyoundwa kupeleka matokeo ikagoma, na jimbo zima, lenye vituo zaidi ya 1,600, likalala bila mshindi.

Hata hivyo, insafu yanilazimu kusema kwamba kwetu mlolongo mfupi ulitangazwa mrefu mchana kweupe, ilhali hapa idadi ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, na aliyekuwa na shaka akadai kuhesabiwa upya. Mlolongo, basi, si haramu kwa dhati yake. Wa kuchungwa ni mwenye kuhesabu. Tafadhali msomee barua hii yule jirani yetu aliyekuwa karani wa uchaguzi mwaka ule, kisha uniletee majibu yake.

Wasalaam,
Mwana wa nduguyo