Viwango vya Kimataifa

Jikoni kwa kijana mmoja wa Moshi aliyeamua kuitia mbege kwenye chupa. Mezani kuna chupa za bia zilizookotwa, printa ya wino inakoroma pembeni, na Kata, kibuyu cha kunywea cha bibi yake, ananing'inia ukutani. Kijana ametoka kwenda kununua wino. Wa njano umekwisha kabla machweo ya Kibo kwenye lebo hayajakamilika.

LEBO: Jamani, msinisogelee, sijakauka.

KATA: Na shikamoo huijui?

LEBO: Shikamoo, bibi.

KATA: Marahaba, mjukuu wangu. Umeandikwa nini hapo kifuani? Macho yangu mabovu.

LEBO: "Imetengenezwa kwa viwango vya kimataifa."

CHUPA: Kwenye sufuria ile iliyoazimwa msibani?

LEBO: Hilo halikuandikwa.

CHUPA: Mdogo wangu, mimi nimeshavaa lebo ya kiwandani. Nililoweshwa usiku kucha kwenye maji ya moto na magadi ndipo ikakubali kung'oka. Wewe umebandikwa kwa nini?

LEBO: Maziwa. Wapika bia wa majumbani kule Marekani ndivyo wanavyofanya. Unapakwa maziwa kwa brashi, unabandikwa, basi. Protini yake inashika kioo. Na siku ya kunitoa, maji tu yanatosha.

CHUPA: Maji tu! Na mimi jioni naingia kwenye ndoo ya barafu.

PRINTA: Hata wino wangu ni wa maji. Angekwenda steshenari wakamchapia kwa leza, ule unga wake huyeyushwa kwa joto ukaganda kwenye karatasi, hauchuruziki. Akasema ghali. Haya, theluji ya Kibo itateremka mpaka Himo.

KATA: Hebu nisomee tarehe ya kuharibika.

LEBO: Miaka miwili kuanzia leo.

KATA: Mbege! Ndizi zimechemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, uji wa kimea cha ulezi umetiwa leo asubuhi. Kesho jioni itakuwa kali. Keshokutwa atakayeinywa awe na shida zake.

LEBO: Tarehe ilikuwamo kwenye kiolezo, bibi. Kijana alibadilisha jina tu.

KATA: Na msesewe, ule uchungu wote uliomo, umetajwa wapi?

LEBO: Nafasi haikutosha. Kuna tai wawili na medali.

CHUPA: Medali ya mashindano gani?

LEBO: Ya kiolezo.

(Mimi mwandishi sina ugomvi na lebo nzuri. Ila tai wawili kwa chupa ya nusu lita ni wengi.)

KATA: Nimepita mikono ya watu miaka mingi, sikuwahi kuandikwa kitu. Mpishi alikuwa palepale, anaonja kwanza mbele ya wageni. Ikiwa mbovu anaambiwa usoni.

LEBO: Bibi, dunia imepanuka. Wapika bia Bass wa Uingereza walisajili pembetatu yao nyekundu tarehe 1 Januari 1876, alama ya biashara ya kwanza kabisa kusajiliwa kule. Mwaka 1882 mchoraji Manet akaichora kwenye chupa katika picha yake ya baa ya Paris. Sisi ni ukoo wa sanaa!

KATA: Walikuwa na haja gani nayo?

LEBO: Bia yao ilikuwa inasafiri mbali, mnywaji hamjui mpishi. Na matapeli waliiga.

KATA: Sasa hii yenu inasafiri mpaka wapi?

CHUPA: Kwa shangazi yake, nyumba ya tatu.

KATA: Yule aliyemkopesha ndizi?

CHUPA: Huyohuyo. Atauziwa.

MBEGE (kutoka ndani ya chupa): Samahanini, wakubwa. Kuna aliyekumbuka kwamba mimi bado nachachuka? Gesi imejaa humu, na kizibo kimegongwa kwa nyundo.

LEBO: Vumilia kidogo, nikauke.

MBEGE: Nimevumilia tangu saa nne.

CHUPA: Shoga, shika sana maziwa yako.

Kizibo kikagonga dari. Povu likashuka na tai wa kwanza, kisha wa pili. Medali ikabaki imening'inia kwa ncha moja. Kijana akaingia na wino wake, akatazama meza, akatazama sakafu. Hakushika tambara. Alivuta kiti akakaa kwenye kompyuta, akaongeza mstari kwa herufi kubwa: SASA YENYE POVU LA ASILI.

PRINTA: Tai watatu safari hii. Karatasi, tafadhali.