Dalali Haachishwi Kazi

Uingereza mwenye nyumba husaini mkataba na wakala. Wiki zikipita bila mnunuzi, anampa notisi na kuhamia kwa mwingine. Jaribu hilo Kintinku uone. Dalali wa huku hana mkataba wala ofisi, sasa utamfukuza kutoka wapi?

Nyumba yenyewe ni ya urithi, vyumba vitatu na mwembe uani, jirani na stesheni. Tulikubaliana iuzwe, tugawane. Kasoro iko ukutani: marehemu baba mdogo, kwa kuogopa matapeli, aliandika kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Tukipaka chokaa, mvua ikinyesha maandishi yanachungulia tena. Baba mdogo alikuwa hanunui rangi ya bei rahisi.

Dalali wa kwanza aliitangaza kuwa iko "Dodoma, nje kidogo ya mji, SGR mlangoni". Hiyo nje kidogo unaimaliza Bahi nzima na kuingia mkoa wa Singida! Na treni ya umeme iliyobeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 iliishia Dodoma. Inayopita mlangoni petu ni reli ya Mjerumani. Mteja alikuwa bado anakagua sebule, garimoshi la mizigo likapiga honi, vioo vikatetemeka.

"Ndiyo hiyo?"

"Hiyo ya zamani, bosi. Mpya inakuja."

Mteja alilipa hela ya kuonyeshwa, akanunua gunia la mchele, akarudi zake.

Nikamtafuta mwingine, wa Manyoni, shati limechomekewa. Huyu aliuliza ya maana: majirani wa mpakani ni nani, muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi, halmashauri ya kijiji imeridhia? Maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitaki mambo ya kuuziana gizani. Nikasema hapa nimepata mtu.

"Tulia, mzee. Nina kijana wangu hukohuko Kintinku, atasimamia."

Kijana wake akaja, ananing'iniza funguo ambazo nilikuwa nazidai siku nyingi. Yuleyule dalali wa kwanza!

"Mbukwa, bosi wangu!" Haya hana hata chembe.

Asilimia kumi ya mtu mmoja ikawa ya wawili, na ili iwatoshe wakaweka cha juu. Mimi nilisema milioni 15, wao wakatangaza 22. Katika kutafuta mteja wakampigia mama mmoja wa Singida mjini, wakamsifia nyumba mpaka mwembe. Mama huyo ni shangazi yangu.

"Mwanangu," akanipigia usiku huohuo, "hizo milioni saba za juu ni za nani?"

Kikao cha ukoo kikaitishwa, ajenda ni mimi. Nikamwita dalali yule wa kwanza aje anisafishe. Alikuja, akanywa chai vikombe viwili, akafafanua cha juu kwa ufasaha hadi wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alipoaga, shangazi alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akatuambia amempa kazi ya kumuuzia shamba lake.