Jina Lake Ni Kuganda

Mpwa wangu amerudi kutoka Uchina na shahada ya uhandisi, masanduku mawili na mazoea ya kunywa maji ya moto matupu, bila jani la chai. Hayo nimeyavumilia. Kilichonishinda ni kauli yake ya Jumamosi asubuhi, tena mbele ya mke wangu: "Mjomba, guotie ni rahisi tu. Ni kama sambusa, unga umefunga nyama na kabichi."

Mtu akikwambia kitu cha jikoni ni rahisi, muulize kwanza nani ataosha vyombo. Mimi sikuuliza.

Nikatumwa sokoni nilete chainizi. Nikaleta mafungu mawili ya yale majani yanayouzwa kando ya figiri, nikayatua mezani kwa maringo. Kijana akacheka. Kumbe kabichi la kwao hufunga kichwa kirefu, jeupe huku chini. Miaka yote nimekula chainizi nikijiona nimeonja Beijing! Tukaangukia kabichi letu la kawaida. Unalikatakata, unalitia chumvi, unasubiri robo saa, kisha unalikamua kwa kitambaa kama nazi. Tofauti ni kwamba nazi ukiikamua unapata tui. Hapa unakamua mpaka bega linalia, halafu kilichotoka unakimwaga.

Nyama haikuleta mgogoro. Kwao wengi hutia nguruwe, lakini Wahui, Waislamu wa huko huko Uchina, hutumia kondoo au ng'ombe, kwa hiyo mama mkwe alikosa pa kukatalia. Nyama ya kusaga ikatiwa tangawizi, majani ya kitunguu, sosi ya soya na mafuta ya ufuta, nami nikaambiwa nikoroge upande mmoja tu ili ishikane. Mkono wa kulia ukachoka, nikahamia wa kushoto. Wa kushoto ukakoroga kurudi ulikotoka.

Unga ukakandwa kwa maji ya moto, vidole vyangu ni mashahidi. Baada ya kuulaza nusu saa unaukata vidonge, kila kidonge unakisukuma kiwe duara, katikati nene, pembeni nyembamba. Duara! Mimi ambaye chapati zangu watoto hujifunzia jiografia. Ya kwanza ikatoka Pemba, ya pili ikatoka Mafia.

Kijana akafunga moja, akaipiga marinda upande mmoja kama sketi ya shule, ikakaa yenyewe imenyooka mgongo. Yangu ikalala chali, mdomo wazi. Hapo ndipo akanisimulia kwamba kaskazini mwa Uchina, mkesha wa mwaka mpya wao, nyumba nzima huzunguka meza: huyu anasukuma, yule anajaza, bibi anafunga, na mazungumzo hayakatiki. Maneno hayo yalinigusa sana. Nikageuka kuutafuta ukoo wangu. Mke wangu alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani ambaye haumwi. Watoto walikuwa chumbani na simu. Na msimuliaji mwenyewe, simu ikaita, akatoka uani "dakika moja mjomba." Nikabaki mimi na vidonge 52.

Wachina husimulia kwamba aliyeanzisha vitu hivi ni tabibu Zhang Zhongjing, wa enzi ya Han, aliyewahurumia watu walioumwa masikio kwa baridi, akawapikia vidonge vyenye umbo la sikio. Mimi nilikuwa nikifunga masikio saa nane mchana, Dar es Salaam, umeme umekatika na feni imesimama.

Kukaanga sasa. Unapanga kwenye mafuta kidogo, makalio yakishageuka rangi unamwaga nusu kikombe cha maji na kufunika haraka. Sikufunika haraka. Ilinguruma kama masika juu ya bati, nikarukia mlangoni na mfuniko mkononi. Maji yakikauka, chini panakauka pia kama ukoko. Pakakauka kweli. Nikajaribu kuinua moja, ngozi ikabaki kwenye kikaango, nyama ikaja peke yake.

Nikapiga kelele. Mpwa akaingia, akachungulia, akatabasamu. "Ndiyo maana yake, mjomba. Guo ni sufuria, tie ni kuganda."

Yaani jina linajua, yeye anajua, wa kufichwa siri ni mimi tu!

Harufu ya ufuta ilifanya kazi ambayo sauti yangu ilishindwa: ukoo wote ulikuwa mezani kabla sijapakua. Wakachovya kwenye siki na pilipili, wakamsifu mpwa. Mama mkwe alikula tisa, akafuta midomo, akatoa hukumu: "Sambusa nzuri, ila mgongoni zimelowa." Mimi nilikula ukoko, kwa kijiko cha kukwangulia.

Leo ni Jumanne. Kikaango bado kimelowekwa kwenye beseni uani, na mhandisi anakipita kila asubuhi akienda kuchemsha maji yake.