Waraka kwa Waheshimiwa Wenye Kuagiza Ripoti

Kwa Wakuu wa Wizara, Idara na Mashirika Yenye Kuajiri Washauri Elekezi wa Mifumo ya Ustawi na Haki za Watoto, Tanzania Bara.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima mnazostahili, na baada ya kuwaombea afya njema, umri mrefu na bajeti isiyopunguzwa katikati ya mwaka, nauleta waraka huu mbele yenu nikiwa raia asiye na cheo wala shahada ya uzamivu, mwenye haja moja tu, nayo ni kuwapongeza. Najua ya kuwa pongezi ni adimu katika zama hizi, na ya kuwa wengi wanaowaandikia huwaandikia lawama. Lakini insafu hainiruhusu kuwaona watu waliotia bidii kubwa namna hii katika kulichunguza jambo moja, na kulichunguza tena, na kuwalipa wengine wachunguze namna lilivyochunguzwa, kisha nikanyamaza.

Jambo lenyewe ni mtoto aliyekinzana na sheria, pamoja na yule asiyekinzana na mtu yeyote ila amekosa wa kumlea. Na aghalabu wawili hao ni mtoto mmoja, wa pili akiwa ndiye jana na wa kwanza akiwa ndiye leo.

Historia ya jambo hili yatosha kumpa mtu mwenye subira furaha ya pekee. Mwaka 1937 serikali ya Waingereza iliyokuwa ikiitawala Tanganyika ilitunga sheria ya watoto na vijana ambayo, pamoja na ila zote za ukoloni, iliagiza jambo lisilohitaji fedha wala fundi: kwamba mahakama inapomsikiliza mtoto ikae katika jengo au chumba kingine kisicho kile cha watu wazima, na kama chumba hakuna, basi ikae kwa saa nyingine. Sheria hiyo ikaishi miaka 72. Ikaupita uhuru, ikalipita Azimio la Arusha, ikayapita na masoko huria, hata Bunge lilipotunga Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, likalirudia agizo lile lile la jengo na chumba. Na siku hiyo ilipotungwa, mahakama ya watoto yenye jengo lake mahususi ilikuwa ile ya Kisutu, Dar es Salaam, peke yake. Fauka ya hayo, sheria mpya ilisema bila kigugumizi, katika kifungu chake cha 119, kwamba mtoto asihukumiwe kifungo. Ikataka shauri lake lisikilizwe faraghani, afisa ustawi wa jamii awepo, na mtoto aliyezuiliwa atengwe na watu wazima. Mtu wa akili ya kawaida, akiisha kuyasoma hayo, angesema kwamba kazi ya kufikiri imekwisha na iliyobaki ni ya kutenda. Ninyi mliona mbali zaidi. Mliagiza ripoti.

Nami sisemi kwamba ripoti hazikuwa za kweli, maana hiyo ndiyo sifa yao kubwa. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa taarifa ya ukaguzi wa mahali wanapozuiliwa watoto, ikaeleza kwamba walikuwamo watoto waliofungiwa pamoja na wakubwa. Habari hiyo ilipokewa kwa mshangao, na mshangao, kama mjuavyo, ndio mwanzo wa hadidu za rejea. Ukaja mkakati wa miaka mitano wa kurekebisha haki za mtoto, wa 2013 mpaka 2017. Ulipokuwa unamalizika ukaja Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule wa 2017/18 mpaka 2021/22, ambao fahari yake mojawapo ilikuwa kwamba umeikusanya mipango minane iliyokuwapo na kuifanya mmoja; na mimi, ambaye sikujua kwamba tulikuwa na minane, nilijiona mjinga kwa kudhani hatukuwa na hata mmoja. Baadaye ukaja wa pili wa namna hiyo hiyo. Haufi mpango katika nchi yetu ila umeacha mrithi.

Ruhusuni sasa niisifu hikima ya kazi yenyewe, ambayo wasioijua huidhania kuwa ni wepesi. Kwanza hutangazwa zabuni, na katika zabuni hutakwa mtu mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua kumi, ili asije akapatikana mtu ambaye jambo hili lingemshtua. Mshauri elekezi akiisha kupatikana huandika taarifa ya awali, ambamo huwaeleza waliomwajiri yale waliyomweleza wao alipoajiriwa, nao humlipa sehemu ya kwanza. Kisha hushuka uwandani. Huko humkuta afisa ustawi wa jamii wa wilaya katika chumba anachokigawana na idara nyingine, humwuliza maswali ambayo majibu yake yamo katika kurasa za mwanzo za ripoti ya mtangulizi wake, na afisa yule, kwa adabu ya kazi, hujibu upya kama kwamba hajapata kuulizwa. Mshauri huandika kwamba afisa hana usafiri. Huyaandika hayo akiwa amekuja na gari, ambalo limeegeshwa nje na dereva wake amelala ndani, na jioni gari hilo huondoka pamoja na habari ya kukosekana kwa gari.

Ndipo huja warsha ya kuthibitisha matokeo. Sitaki kuidharau warsha, kwa kuwa najua watu wangapi hupata riziki zao humo, kuanzia mpishi na mpiga picha mpaka yule kijana wa kubandika karatasi ukutani. Wadau huketi katika makundi, kila kundi humchagua katibu, karatasi kubwa hujaa wino wa rangi tatu, na kabla ya chai ya saa kumi huthibitika ya kuwa uratibu ni dhaifu, ya kuwa watendaji wanahitaji kujengewa uwezo, na ya kuwa upo uhitaji wa utafiti zaidi. Posho hutiwa saini. Mtoto mwenyewe hupatikana nyuma kabisa katika kiambatisho, akiwa amegeuzwa asilimia, na hapo ndipo mahali pekee katika mfumo wote ambapo ametengwa kweli na watu wazima.

Sasa mtazameni huyo mtoto akiwa hajawa asilimia. Tuseme ni mvulana wa miaka 15 aliyekamatwa Kigoma kwa tuhuma ya kuiba simu. Kituo hakina chumba cha watoto, basi hulala palipopatikana nafasi. Huulizwa umri wake, naye hana cheti cha kuzaliwa. Mama yake yuko kijijini wala hana habari. Askari humpima kwa macho, akaona ana kimo na sauti imeanza kukauka, akamwandikia miaka 18. Kwa kalamu hiyo peke yake, iliyosukumwa na mtu mmoja mwenye haraka, sheria nzima ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake na mikakati yake na kurasa zake zote zilizothibitishwa hotelini, imemponyoka, kwa kuwa yeye si mtoto tena. Ni kweli kwamba mahakama imeagizwa na sheria kuupeleleza umri palipo na tashwishi. Lakini ili tashwishi iwepo yahitaji mtu wa kuisema, na mtu huyo ni yule afisa ambaye hana usafiri.

Na kama bahati imemwangukia akaandikwa umri wake wa haki, huanza taabu ya pili. Mahabusu za watoto kwa miaka mingi zilikuwa tano katika bara zima, nazo ni za Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Na yeyote aliyepata kuiona ramani, licha ya kuwa mshauri elekezi, atang'amua kwamba pwani ya Ziwa Tanganyika, na Kanda ya Ziwa yote, na sehemu kubwa ya kusini hazikuwamo. Hakimu hubaki na mawili: ampe dhamana mtoto asiye na wa kumdhamini, au ampeleke kwenye gereza la wakubwa ambalo sheria haimtaki awemo. Shauri hutajwa, upelelezi haujakamilika. Baada ya siku 14 hutajwa tena, upelelezi haujakamilika. Taarifa ya hali ya nyumbani kwao, ambayo ndiyo ingemfumbua macho hakimu ajue kama huyu ni mwizi au ni mwenye njaa, haijafika, kwa sababu afisa ni mmoja, kata ni nyingi, na pikipiki ya idara haina mafuta. Mwisho akipatikana na hatia na kuamriwa shule ya maadilisho, shule hiyo ni moja, Irambo, nayo iko Mbeya. Kwa miaka mingi ilikuwa ya wavulana. Msichana mwenye kosa kama hilo sheria ilimtaja kwa heshima zote, ila haikuwa na mahali pa kumweka.

Waheshimiwa, haya yote mnayajua. Yamo katika ripoti. Hali yenu ni ya mtu ambaye paa lake linavuja, naye kila masika humwita fundi apande juu kulipima tundu, akamlipa, akaviweka vipimo kabatini pamoja na vya mwaka jana, na kabati nalo likawa limesimama mahali pale pale panapodondoka maji.

Nisije nikaonekana mtu wa kukanusha fadhila. Upo uchunguzi ambao ulitufaa, na mmojawapo ni ule wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, uliotuonyesha kwamba wasichana takriban 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kwa mzee wa heshima kusema kwamba mambo hayo ni ya nchi nyingine. Baada ya hapo haikuwa rahisi. Kadhalika ule mpango uliojaribiwa Temeke na Mbeya, wa kuwarekebisha watoto wakiwa kwao badala ya kufungiwa, ulikuwa tadbiri njema. Na huko huko Mbeya, mwaka 2013, ulianza utaratibu wa kuwaandikisha walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa bure karibu na nyumbani, katika zahanati na ofisi za kata, ambao kwa maoni yangu utawaokoa na gereza la wakubwa watoto wengi kuliko mikakati yote niliyoitaja, ingawa hakuna aliyeuita mkakati wa haki za jinai. Hayo yalifanikiwa kwa kuwa kila moja liliishia kwa mtoto mwenye jina.

Wala si sisi peke yetu tunaopenda hesabu. Mwaka 2019 mwanasheria wa Austria, Manfred Nowak, aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kuongoza uchunguzi wa dunia nzima juu ya watoto walionyimwa uhuru, alikadiria kwamba watoto wapatao 410,000 hupitia mahabusu na magereza kila mwaka. Alikadiria, kwa kuwa dola ambazo hujua idadi ya magunia ya kahawa zilizosafirisha hazikuwa zote zimewahesabu watoto zilizowafungia. Mwaka huo huo Kamati ya Haki za Mtoto iliyashauri mataifa yasimtwike mtoto dhima ya jinai kabla ya miaka 14. Kanuni yetu ya Adhabu imeanzia miaka 10, na kati ya 10 na 12 yataka tu ithibitike kwamba mtoto alijua alitendalo ni kosa. Kuibadili tarakimu hiyo hakuhitaji gari, wala dereva, wala karatasi za kubandika ukutani. Labda ndiyo sababu hakuna aliyeomba zabuni yake.

Basi baada ya pongezi nina maombi mawili, nami nayaleta kwa unyenyekevu.

La kwanza ni kwamba warsha ijayo ya kuthibitisha matokeo, badala ya hotelini, ifanyike katika gereza lenye mahabusu walio watoto, wadau wakae chini kwa mistari kama wakaavyo wenyeji wao, wale chakula kile kile saa ile ile, na wasiondoke mpaka upelelezi wa ripoti yao utakapokamilika. Naamini nyaraka zitafupika, na ya kuwa lile pendekezo la utafiti zaidi halitapata wa kuliunga mkono.

La pili lahusu malipo. Katika hadidu za rejea zijazo iandikwe kwamba sehemu ya mwisho ya ujira wa mshauri elekezi, ambayo ndiyo nono, haitalipwa kwa kukabidhi ripoti, bali itafunguliwa kidogo kidogo, kila mtoto aliyezuiliwa kinyume cha sheria atakaporejeshwa kwao au kuhamishiwa mahali pake pa haki, kwa saini ya hakimu. Mtaona namna hodari hawa, ambao sina shaka na elimu yao, watakavyogundua ghafla njia ya kwenda Kigoma. Na kiasi hicho hicho cha masharti kiwekwe katika mishahara yenu ninyi mnaowaagiza, maana kosa la ripoti ya kumi si la yule aliyeiandika.

Kama maombi hayo ni mazito, chukueni fedha za warsha moja tu, ya siku mbili, mkanunue mafuta ya pikipiki ya afisa ustawi wa wilaya mmoja kwa mwaka mzima. Chagueni wilaya yoyote. Ripoti zenu zitawaonyesha kwamba zote zinafaa.

Mimi, raia wenu mtiifu na msomaji wa ripoti zenu.