Mjomba Hapunguzwi

Programu yangu ya kupangia kurasa ina adabu kuliko wateja wangu: kabla ya kufa inaomba radhi. Inaandika katikati ya kioo kwamba kuna tatizo limetokea, hivyo inalazimika kujifunga. Tatizo gani, haisemi. Limetokea wapi, haisemi. Inakupa kitufe kimoja tu cha kukubali. Unabonyeza, nayo inaondoka na kijitabu cha harusi ulichokiinamia tangu asubuhi.

Ningekuwa peke yangu ningevumilia. Lakini mteja wa steshenari hapa Kyela mjini habaki upande wake wa kaunta. Anaingia ndani, anavuta kiti, anakaa nyuma ya bega lako na kuhesabu makosa yako. Programu haijui kwa nini imekufa. Waliokaa nyuma yangu wote wanajua.

Wa kwanza atasema ni joto. Hoja yake si ya kubeza. Ziwa Nyasa lipo mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari, na sisi wa bondeni hatujalizidi sana. Panda gari uende Tukuyu, muda si mrefu uko zaidi ya mita 1,500 na abiria wanatafuta masweta. Kompyuta ikipata joto hujipunguzia mwendo, na likizidi hujizima. Lakini ikizimwa na joto huzima yote, papo hapo, bila barua ya kuaga. Kwangu inakufa programu moja, na kwaya inaendelea kuimba kwenye spika. Nikimweleza hayo ananisikiliza kwa huruma, kisha anachukua kadi za mwaliko za mteja mwingine na kuanza kuipepea kompyuta.

Wa pili atasema ni virusi. Anasema hivyo huku akichomeka flashi ambayo imeshapita kwa wauza nyimbo wote kuanzia Kasumulu mpaka Ipinda. Akishamaliza kunionya, anaichomoa bila kuuliza, faili likiwa bado limefunguka humo humo, kwa sababu bajaji inamsubiri. Programu inatafuta kurasa zake, haizioni, inaomba radhi. Naye anageuka mlangoni: "Si nilikwambia?"

Wa tatu ni kijana aliyerudi likizo kutoka chuo. Ana dawa moja kwa magonjwa yote: "Piga Windows, mzee." Kompyuta ikigoma, piga Windows. Ikichelewa kuwaka, piga Windows. Nadhani hata mpunga ukikataa kuiva atatafuta pa kuchomeka diski. Ukimsikiliza, unapoteza siku nzima, unafungua kijitabu kilekile cha harusi, na programu inakufa palepale. Ugonjwa ulikuwa kwenye kijitabu, naye ameifanyia upasuaji nyumba.

Wa nne ni mama wa duka jirani, ambaye hasemi kitu. Anatazama tu ng'ambo ya barabara, kwenye duka jingine la kopi, anaguna, na kurudi kupima mchele wake.

Mimi nina utaratibu wangu, na utaratibu huo haumfurahishi mtu, kwa sababu hauna joto, hauna mchawi, hauna hata msamiati wa kujivunia. Naanza na printa. Watu hawajui kwamba programu hizi, hata kabla hujataka kuchapa chochote, huulizia habari za printa uliyoiweka kuwa ya kwanza: karatasi zake zina ukubwa gani, inaacha pembeni kiasi gani. Sasa printa ikiwa ipo kwa fundi Mbeya imefunguliwa tumbo, au draiva yake imeharibika, maswali hayapati majibu, na programu inaganda au inajifunga. Nikiweka kuwa ya kwanza ile printa isiyo na mwili, inayotoa PDF, mara nyingi mambo yanatulia. Mteja akiona tatizo limekwisha bila kushika bisibisi, anauliza kama kweli nastahili kulipwa.

Printa ikiwa haina hatia, nahamia kwenye fonti. Hapa pana msitu. Kila bibi harusi anataka maandishi yenye mikia, vitanzi na maua, na kila msimu una mkia wake mpya. Fonti hizo zinaokotwa mitandaoni, zinapita kwenye simu, zinafika kwangu nyingine zimevunjika mbavu. Programu huzisoma zote inapowaka au inapofungua orodha, na iliyoharibika moja inaweza kuiangusha. Kumkamata mkosaji hakuhitaji uganga. Toa nusu ya fonti, jaribu. Ikiendelea kufa, mkosaji yumo kwenye nusu iliyobaki. Ikitulia, yumo kwenye nusu uliyotoa. Gawa tena. Hata ukiwa na fonti 400, kugawa mara tisa kunatosha kukufikisha kwa mmoja. Kurasa nazo zinakubali ukaguzi huohuo: nakili nusu ya kwanza kwenye faili jipya, kisha nusu ya pili, uone ipi inaua. Shida ni kumweleza bibi harusi kwamba mkosaji ni ule mkia alioupenda.

Zamani hakukuwa na siri hizi. Ng'ambo ya mpaka, huko Livingstonia upande wa Malawi, wamisionari walikuwa na mtambo wa chapa tangu miaka ya 1890, na gazeti lao likiitwa Aurora. Herufi zilikuwa vipande vya madini, mtu anazipanga kwa vidole mstari kwa mstari. Herufi ikivunjika unaiona, ikipotea unapiga magoti kuitafuta chini ya meza. Mtambo haukuwahi kumwomba mtu radhi. Kisha mwaka 1985 kampuni ya Aldus ikatoa PageMaker, na mtu mmoja mezani kwake akaweza kufanya kazi ya chumba kizima. Kazi ya chumba kizima sasa ninaifanya mimi. Chumba kizima nacho kimekuja kukaa nyuma yangu.

Ila printa na fonti ni wahuni wadogo. Anayeiua programu yangu hasa ni mjomba.

Kijitabu cha harusi hapa kwetu hakina maharusi peke yao. Kina nyimbo, ratiba, shukrani za kamati, orodha ya waliochanga, na picha za wajomba, mashangazi na wazee wa kanisa, kila mmoja na suti yake. Na msimu wa kakao ukichanganya, hela ikizunguka, kurasa zinaongezeka. Picha zinatoka kwenye simu. Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha ya nukta milioni 12, yaani 4,000 kwa 3,000. Kwenye simu faili linaonekana dogo, megabaiti tatu au nne, kwa sababu limebanwa. Likifunguliwa, kila nukta inadai baiti tatu, na mjomba mmoja anakuwa megabaiti 36. PageMaker ya kwanza ilifanya kazi kwenye Macintosh yenye memori ya kilobaiti 512. Mjomba mmoja angezijaza mashine hizo karibu sabini, na bado hatujamfikia shangazi.

Wateja wanasema, "Lakini kompyuta yako ina nafasi kubwa, si ulisema diski ina terabaiti?" Diski ni ghala. Memori ndiyo mkeka wa kuanikia mpunga. Ghala lako liwe kubwa kuliko la mnunuzi wa Dar es Salaam, ukimwaga mavuno yote kwenye mkeka mmoja yatamwagika kwenye tope. Wajomba thelathini wanapita gigabaiti nzima, na mkeka wangu una gigabaiti nne, tena Windows yenyewe imeshakalia pembe kubwa.

Dawa ni rahisi mno. Mjomba atachapwa kwa upana wa sentimita tatu. Kwa chapa safi ya nukta 300 kwa inchi, anahitaji nukta zipatazo 350 kwenda kulia. Zile 3,650 nyingine zinapanda gari bila nauli. Unazipunguza, ukubwa kwenye karatasi unabaki uleule, sura ileile, hata kipara kinang'aa vilevile. Nami nikamweleza hivyo mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye heshima zake, kwa lugha laini kabisa.

"Mzee, hizi picha za wajomba inabidi nizipunguze kidogo."

Akakaa wima. "Umpunguze nani?"

"Picha tu, mzee. Si mtu."

"Huyu alitoa ng'ombe." Akagusa kioo kwa kidole. "Unampunguzaje mtu aliyetoa ng'ombe?"

"Wote watapunguzwa sawasawa, mzee."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. "Sawasawa? Aliyetoa ng'ombe na aliyetoa kreti moja ya soda?"

Nikachora kwenye karatasi. Nikaonyesha nukta, nikaonyesha mkeka, nikaonyesha ghala. Akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, "Ndaga fijo, mwanangu," kisha akatoa uamuzi wa kamati: wajomba wa Kyela wabaki wazima, apunguzwe yule wa Dar es Salaam, ambaye ahadi yake ya mchango hatujaiona mpaka leo. Na nafasi itakayopatikana kwake aongezwe mzee wa kanisa.

Programu ikaomba radhi palepale.

Tangu siku hiyo nimeacha kuomba ruhusa. Picha zote zinapunguzwa nyuma ya pazia, faili linakaa kwenye kompyuta na si kwenye flashi ya mtu, ninasevu kila ninapopumua, na kila jioni nakala inapewa jina jipya ili ya jana ibaki salama. Programu imetulia. Wazee wanakuja, wanachungulia, wanawaona wajomba wao kwa sentimita tatu zilezile, wanaridhika kwamba hakuna aliyeguswa. Mwenyekiti mwenyewe amekipokea kijitabu, akakifungua penye picha ya aliyetoa ng'ombe, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Umeona?" akaniambia. "Kumbe kompyuta yako inaweza. Ilikuwa inataka kupepewa tu."

Akaagiza vijitabu 300 kwa mkopo.