Shangazi na Ngamia wa Pirates

Mtu wa Islii, ndiyo Eastleigh ya Nairobi, hajui likizo. Anajua kufunga duka tu, tena Ijumaa adhuhuri wakati wa swala, na hata hapo wateja humngoja nje ya mlango. Kwa hiyo shangazi alipotangaza kwamba Desemba tunakwenda Mombasa kupumzika, ukoo mzima ulimuuliza swali moja: anafuata mzigo gani?

Shangazi ni wa kizazi cha Garissa Lodge, ile nyumba ya wageni ya Eastleigh ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyumba vyake viligeuzwa maduka. Mchana kitanda kilikuwa meza ya bidhaa, usiku bidhaa zikawa godoro. Leo mtaa umejaa majumba ya biashara yenye ngazi za umeme, naye ana duka lake la madera na mashuka, lakini mpaka kesho hawezi kuingia chumba cha kulala asikipigie hesabu ya kodi. Begi la binamu yangu, mwanawe mkubwa, alilijaza madera ya sampuli. Binamu akabaki na suruali moja, jinzi aliyokuwa ameivaa. Shikeni hiyo jinzi akilini.

Kwenye kituo cha treni cha Syokimau abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, wakasogea kando, mbwa wa polisi wakapita wakinusa. Shangazi, mwenye udhu wake tangu alfajiri, hakuna aliyekuwa amemwonya.

"Amenusa au amelamba?" akamuuliza askari.

"Amenusa tu, mama."

"Una hakika? Maana akilamba, ni kuosha mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo."

Askari akaitazama sakafu ile ya vigae, ambapo huwezi kuokota hata punje ya udongo. "Hajalamba, mama. Huyo yuko kazini."

Hilo likamridhisha. Mwenye kazi anaheshimiwa. Treni hii, inayokimbia tangu 2017, imeifanya Mombasa kuwa safari ya nusu siku, na kufikia Mtito Andei shangazi alikuwa amepokea oda za madera kutoka nusu ya behewa letu.

Asubuhi iliyofuata tukapanda matatu hadi Bamburi, kwenye ufuo ambao jina lake rasmi ni Jomo Kenyatta Public Beach. Jina hilo usimtajie makanga, atakutazama tu. Mwambie Pirates. Desemba, Nairobi yote huhamia pale: maboya ya mipira ya magari, wapiga picha, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, muziki unaogombana na muziki mwingine. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa bahari.

Ilikuwepo, nisiwe mwongo, lakini mbali kule, mstari mweupe wa povu kwenye mwamba. Mbele yetu palikuwa na mchanga, majani ya bahari na vidimbwi. Kitinda mimba wa shangazi akamuuliza mama yake, "Hooyo, wamefunga kwa swala?"

"Leo Jumamosi," akajibiwa.

Kijana wa kukodisha maboya akatuhurumia. Ilikuwa bamvua, mwezi umetimia, na pwani ile wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Kwa kuwa ufuo wenyewe ni bapa, yakipwa huenda safari ndefu. "Yaja hayo," akasema. "Yataka saa sita hivi. Na kesho yatachelewa kidogo kuliko leo." Shangazi akasema biashara inayobadilisha saa zake kila siku ingekuwa uungwana ibandike tangazo mahali.

Binamu hakungoja. Alikodi kaptura ya kuogelea ya rangi ya chungwa, ambayo kwa hali yake ilikuwa imeshavaliwa na mitaa yote ya Eastlands kuanzia Kaloleni hadi Kayole, akaikunja jinzi vizuri akaiweka juu ya jiwe, mbali na wezi. Mbali na wezi kweli. Lilikuwa jiwe la peke yake, katikati ya mchanga uliolowa.

Hapo ndipo akapita ngamia.

Alikuwa amevishwa shanga, kengele na tandiko la vishada, na juu yake kijana wa miwani myeusi akijipiga picha. Mwenye ngamia akamkaribia shangazi: mzunguko mmoja, mia tatu. Shangazi alizaliwa Wajir, na maziwa ya ngamia aliyajua kabla ya chai. Kwao ngamia hukamuliwa, hubebeshwa maji na miti ya nyumba wakati wa kuhama, na anayepandishwa mgongoni ni mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea.

"Mia tatu? Mimi ni mgonjwa?"

Kisha akaanza ukaguzi. Aliangalia magoti, akaangalia meno, akasimama kitambo akiitazama nundu. "Imelala upande. Huyu anakula nini?"

"Majani, mama."

"Majani yapi? Ya chai?"

Mwenye ngamia akacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta mteja mwingine. Shangazi akamsogelea mnyama, akamnong'oneza maneno mawili ya Kisomali. Sijui ngamia yule alizaliwa wapi, lakini masikio yalisimama, na papo hapo akapiga magoti. Ngamia huanza na miguu ya mbele, jambo ambalo yule kijana wa miwani hakulijua. Alitelezea shingoni akiwa bado ameinua simu, akatua mchangani kifudifudi. Hakuumia. Video ninayo.

"Mama, umemfanya nini?"

"Nimemsalimia."

Ngamia akakataa kuinuka. Mwenyewe alimvuta kamba, akambembeleza kwa Kiswahili, akamtukana kwa Kigiriama, akarudi kwenye kubembeleza. Umati ukajaa, wapiga picha wakaacha wateja wao, hata wauza mihogo wakaja na beseni zao. Mwishowe akamgeukia shangazi. "Mama, tafadhali, mwambie ainuke."

"Mia tatu," shangazi akasema.

Waliafikiana mia mbili. Sijawahi kumwona mtu aliyepumzika kama shangazi dakika ile, akizikunja zile noti na kuzitia kifukoni.

Tulipogeuka, bahari ilikuwa imerudi. Haikupiga kelele, maana mwamba huyavunja mawimbi makubwa huko nje. Maji yanakuja tu, kidogo kidogo, mpaka unakuta huna ufuo. Jiwe halikuonekana. Jinzi ilionekana kwa muda, ikiogelea vizuri kuliko mwenyewe.

Kaptura ilitakiwa na mwenyewe, kwa hiyo binamu alirudi mjini amejifunga leso ya mama yake. Leso haina siri: chini karibu na pindo huandikwa jina, na jina la hii, HUYU NI WANGU TAFUTENI WENU, lilimkaa sawasawa makalioni. Akaomba tununue suruali kwanza. Shangazi akakataa, akasema Fort Jesus hufungwa jioni, lakini duka halimfungii mtu mwenye pesa.

Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mtembezaji wetu alipofika kwenye habari za Waomani kuizingira kuanzia 1696 hadi 1698, watu wakifa ndani kwa njaa na maradhi, shangazi alimkatiza. "Karibu miaka mitatu? Na unga walikuwa wakiuziwa na nani?" Akaelezwa kwamba mara mojamoja meli zilileta msaada. "Kwa bei gani?" Mtembezaji akatupeleka kwenye mizinga. Huko nyuma watalii wawili walikuwa wakiomba kupigwa picha na binamu.

Biashara Street, mtaa wa leso na vikoi, shangazi alikutana na wa saizi yake. Muuzaji, mzee wa kofia ya vito, alimkaribisha kahawa, akamsikiliza hoja zote: gharama ya kontena, bei ya jora, kodi ya duka. Kila alipomaliza, mzee alisema, "Kweli kabisa, dada yangu," na bei ya kikoi ikabaki palepale, elfu moja na mia mbili. Shangazi alitoka mpaka mlangoni, ile hila ya kuitwa urudi. Hakuitwa.

Ndipo binamu akageuka kutazama kikoi kingine, na mzee akasoma. Akasoma tena, akavaa miwani.

"Mwanangu, imekuwaje?"

Binamu akamweleza habari ya bamvua. Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka, akafuta machozi, akamtupia kikoi cha buluu. "Nipe mia nne. Kajisitiri."

Binamu akaanza kukifunga palepale juu ya leso. Shangazi akamshika mkono.

"Usikivae kwanza. Kuna duka jingine pale mbele."