Marehemu Wadai Mgawo

Wasan wa Kalahari hutafuna hoodia, mmea wa jangwani wenye miiba, kuzima njaa wakiwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, CSIR, ikaupeleka maabara, ikakata hataza ya kilichomo ndani yake, kisha ikaikodisha kwa kampuni ya Uingereza. Wenye elimu yao hawakuulizwa hata kwa adabu.

Mwaka 2001 mkuu wa kampuni hiyo akaliambia gazeti kwamba alidhani Wasan wametoweka duniani. Msiba mkubwa! Bahati mbaya, marehemu walikuwa na wakili. Mwaka 2003 wakapewa mkataba: asilimia 6. Ya mauzo? Thubutu! Ya mrabaha utakaoifikia CSIR. Unilever, iliyokuja kuuchukua mradi, ikajitoa 2008, na asilimia ya hewa ni hewa.

Mwaka 2017 Wasan wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti: heshima, uaminifu, haki, kujali. Maprofesa wazima kufunzwa kupiga hodi! Basi, daktari wangu mwenye kinasa sauti, ukienda huko andiko lako litangulie kwa Baraza la Wasan, nawe ungoje jibu nje.